Toyota Altezza ya zamani yenye "marekebisho madogo": unanunua au unapita? Mwongozo kamili

Kuna tangazo nalijua kwa moyo. Picha tatu, moja ya dashibodi usiku taa zimewaka, moja ya rimu, moja gari imepaki ubavuni mwa ukuta unaona upande mmoja tu, halafu maneno: "Altezza RS200 manual, iko poa, marekebisho madogo tu, milioni 7 maongezi yapo." Chini yake vijana kibao wanauliza bei ya mwisho, hakuna hata mmoja anayeuliza hayo marekebisho madogo ni yapi.

Mi nilikuwa mmoja wao. Nilinunua, nikateseka, nikatengeneza, nikaendesha miaka miwili nikauza, na tangu hapo jamaa zangu wakitaka kununua Altezza au gari yoyote ya namna hiyo wananibeba niende kuangalia nao. Kwa hiyo naandika hapa kila ninachofanya nikifika kwenye gari, kuanzia nyumbani kabla hujatoa mguu mpaka siku unalipa. Mifano yangu ni ya Dar maana ndo niliko, ila ukiwa Arusha au Mwanza mambo ni yale yale.

Jambo moja ulishike kabla hatujaanza maana mengine yote yanazunguka hapo. Gari ya zamani ina ubovu wa aina mbili. Kuna ubovu unaonunulika, yani unaenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, na hela yako unarudi na kifaa, fundi anafunga, kesi imeisha. Injini imo humo, gia boksi imo, shokapu, klachi, tairi, zote zimo hata kama ni ghali. Halafu kuna ubovu usionunulika: chesisi iliyopinda, waya zilizokatwakatwa, kadi yenye matatizo. Huu hauna duka. Watu wengi wanakimbia gari kwa sababu injini imekufa wanakwenda kununua yenye injini nzima na waya kama tambi, mi ningefanya kinyume.

Jua kwanza unanunua Altezza ipi

Hapa watu wanapigwa sana. Altezza ilitoka mwishoni mwa 1998 ikatengenezwa mpaka 2005, kule Japani ikabeba tuzo ya gari la mwaka ya 1998-1999, Ulaya ikauzwa kwa jina la Lexus IS200. Ile ya kawaida ya milango minne ziko mbili. RS200 ina injini ya 3S-GE silinda nne, nguvu za farasi 210 kwa manual na 200 kwa otomatiki. AS200 ina 1G-FE silinda sita, na nguvu zake ni 160. Umesoma vizuri, ya silinda sita ndo ndogo kwa nguvu. Mtu akisikia "six cylinder" macho yanamtoka anaongeza hela, kumbe amenunua ile ya taratibu. (Kuna na Gita, ile ya mgongo mrefu, AS300 yake ina 2JZ-GE ya lita 3, ila hiyo ni habari nyingine.)

Usiangalie nembo ya nyuma, nembo inauzwa dukani na inabandikwa kwa gundi. Fungua boneti uangalie kibati na namba iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Ikianza na SXE10 ni RS200, ikianza na GXE10 ni AS200. Kwa otomatiki kuna njia nyingine, RS200 ina gia tano na AS200 ina gia nne.

Kwa nini inajalisha? Kwa sababu ya spea. 1G-FE ndo injini iliyomo kwenye Mark II GX110 na Verossa, na hizo GX110 zimejaa mjini, kwa hiyo spea za AS200 utapata hata saa kumi na moja jioni Jumamosi. 3S-GE ya RS200 ni kitu chake peke yake. Injini ya RAV4 ya zamani inaitwa 3S pia na kuna fundi atakwambia "zinaingiliana", zinaingiliana baadhi ya vitu vya chini, kichwa cha injini ni tofauti kabisa, kina VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) pande zote mbili na valvu za titani kwenye ile ya manual. Ukiharibu kichwa cha RS200 hutapata mbadala kwenye RAV4. Kwa hiyo kama hii ndo gari yako pekee ya kwendea kazini na bajeti imebana, AS200 yenye ubovu ni mzigo mwepesi kuliko RS200 yenye ubovu ule ule. Kama unataka raha ya kuzungusha injini mpaka elfu saba, basi RS200, ila uende ukijua.

Hatua ya 1: andika namba yako ukiwa nyumbani

Kaa chini andika kwenye karatasi kiasi cha juu kabisa utakachotumia, gari PAMOJA na kuitengeneza. Sio hela uliyonayo, hela utakayotumia. Halafu gawanya, kwa gari inayouzwa na ubovu mi huwa natenga theluthi moja ya ile hela yote kwa ajili ya gereji. Una milioni 10, basi hutafuti gari ya milioni 10, unatafuta ya 6 na nusu. Fanya hivi kabla hujaisikia inanguruma maana ukishaisikia akili inahama.

Na uwe na gari nyingine au uwe na moyo wa kupanda daladala. Gari ya kutengeneza inakaa gereji wiki tatu kwa kitu ulichoambiwa ni siku mbili.

Hatua ya 2: makaratasi kabla ya boneti

Wengi wanaangalia gari kwanza kadi baadaye. Geuza. Muombe muuzaji picha ya kadi kabla hujapanda bodaboda kwenda huko. Jina lililopo kwenye kadi ndo mtu unayeongea naye? Kama sio, ni nani na yuko wapi? Altezza hizi zimepita mikono mingi na vijana wengi hawahamishi umiliki, utakuta kadi ina jina la mtu aliyeuza miaka sita iliyopita na kati yake kuna wamiliki wawili wenye mkataba wa karatasi ya daftari. Hapo unatakiwa umpate yule wa kwenye kadi asaini mwenyewe, na awe na TIN, maana uhamisho TRA unataka wa pande zote mbili. Kama amefariki unaingia kwenye mirathi, na hapo mimi naondoka bila hata kuuliza bei.

Ukifika, omba kadi halisi sio kopi. Kuna watu wanaweka kadi rehani kwa wakopeshaji wanabaki na kopi, wanakuuzia gari ambayo kesho kutwa wenye mkopo wanaifata getini kwako. Linganisha namba ya chesisi ya kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi, pitisha kidole juu yake usikie kama imesagwa au imegongwa upya. Linganisha na namba ya injini. Injini iliyobadilishwa sio dhambi, zimebadilishwa nyingi, ila iwe imeandikishwa, isipoandikishwa hiyo kazi ni yako na ina gharama yake. Angalia pia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, faini moja ni elfu 30, nimeshawahi kukuta gari ina faini kumi na nne. Hizo ni za muuzaji, zilipwe kabla.

Na tusidanganyane kwa herufi za pleti. Watu wanalipa zaidi kwa sababu ni namba D au E. Herufi inakwambia gari imesajiliwa lini hapa Tanzania basi, gari yenyewe ni ya 1999 iwe namba B au namba E, ina umri ule ule.

Hatua ya 3: ifike ukiikuta ya baridi

Mpigie umwambie usiiwashe kabla sijafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, muulize kwa upole imetoka wapi. Gari iliyopashwa kabla hujafika inaficha kitu, ama inawaka kwa shida ikiwa baridi ama inapiga kelele dakika mbili za kwanza.

Ikiwa bado baridi fungua kifuniko cha rejeta (usithubutu ikiwa ya moto) uangalie rangi. Unataka kuona kulanti ya rangi safi, nyekundu au kijani. Ukikuta maji ya kahawia kama chai, gari imekuwa ikinyweshwa maji ya bomba kwa miaka na ndani kuna kutu. Ukikuta mafuta mafuta yanaelea juu, gasketi ya kichwa imekufa. Chomoa kijiti cha oili, kama oili iko chini ya alama ya mwisho muulize anaongeza mara ngapi, swali hili liulize kama stori tu huku unafuta kijiti, watu wanajibu ukweli wakiwa hawajajiandaa.

Sasa iwashe, simama upande wa injini sio ndani. Sikiliza. 3S-GE ya RS200 ina tatizo lake linalojulikana, gia ya VVT-i ya upande wa kuingiza hewa ikichoka inagonga kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo hasa ikiwa ndo imewaka. Hiyo inanunulika ila sio bei rahisi, iandike. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaopanda na mzunguko wa injini, hiyo ni beringi, hesabu injini nzima. Mwambie mtu akanyage mafuta wewe uko nyuma kwenye ekzosi: moshi wa bluu inakula oili, mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni maji yanaingia kwenye silinda, mweusi ni petroli nyingi.

Halafu kitu ambacho mafundi wetu wanapenda sana, kutoa thamostati (ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto). Gari ikichemsha kidogo tu, jibu la kwanza la fundi Maiko, yani fundi wa kubahatisha, ni "toa thamostati, nchi yetu ya joto haihitaji". Tazama mshale wa joto baada ya kuwasha, ukichukua robo saa kupanda au ukiendesha kasi unashuka tena, thamostati haipo. Ishara hiyo kwangu ina maana moja, hii gari iliwahi kuchemsha. Na mshale wa Toyota ni muongo, unakaa katikati umetulia wakati joto linapanda, ukija kusogea juu tayari ni msiba.

Taa ya "check engine" iangalie unapowasha swichi kabla ya kuwasha injini, lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa. Vile vimashine vidogo vya kuunganisha na simu mara nyingi havisomi Toyota za Japani za miaka hiyo, soketi inafanana ila lugha ni nyingine. Fundi umeme anayejua anaunga kipande cha waya tundu la 4 na la 13 kwenye soketi, taa inapepesa namba za kosa unazihesabu. Kosa la kawaida utakalokuta ni la sensa ya ekzosi kwa sababu masega, yani kichujio cha moshi kwenye ekzosi, yalishakatwa yakauzwa, karibu kila Altezza mjini haina masega.

Hatua ya 4: lala chini

Vaa nguo za kuchafua. Altezza nyingi zimeshushwa, na ushushaji wa mtaani ni kukata springi kwa grainda. Halafu gari hiyo hiyo inapita kwenye matuta ya mtaani kila siku. Kwa hiyo chini angalia mihimili, ile reli mbili ndefu, zikipondeka kidogo kwa kukwaruza tuta sio neno, zikiwa zimekunjika au zimechomelewa, ondoka. Angalia na pale jeki inapokaa, kama pameoza unabonyea kwa bisibisi. Magari yaliyokaa muda mrefu karibu na bahari, Mikocheni, Kigamboni, kutu yao inaanzia chini wakati juu rangi inang'aa.

Inua gari mbele, shika tairi juu na chini uitikise. Boljointi ya chini ndo ugonjwa wa Altezza, ikichakaa sana inachomoka na tairi linalala chini ya gari ukiwa unaendesha. Sio kitu cha kuandika kwenye orodha ya "baadaye", ikiwa inacheza basi hata majaribio ya barabarani usifanye kwa kasi.

Bodi nitasema haraka. Simama kwenye kona ya gari utazame ubavu wote jua likiwa upande, pati (ile lipu ya kuziba mabonde kabla ya rangi) inaonekana kama mawimbi. Mapengo ya milango yalingane. Boneti na mafenda, angalia vichwa vya bolti kama vimewahi kufunguliwa. Nyanyua zulia la buti uangalie sakafu pale tairi la akiba linakaa, gari iliyopigwa mzinga nyuma hata ikipakwa rangi vizuri pale ndani hawajisumbui. Fenda iliyobadilishwa ni kawaida, sakafu ya buti iliyokunjamana sio kawaida.

Waya sasa. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo nilipoumia. Ingiza kichwa chini ya usukani na tochi ya simu. Waya za kiwandani zimefungwa kwa mpangilio, zimevikwa, zina soketi. Ukiona mafungu ya waya za rangi zisizoeleweka zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa selotepu nyeusi, kuna alamu iliyofungwa ikatolewa, redio kubwa iliyofungwa ikatolewa, taa za chini zilizofungwa zikaungua. Angalia boksi la fyuzi, kama kuna fyuzi imewekewa waya wa kopa badala yake. Kisha jaribu kila kitu, kila dirisha, kila taa, honi, waipa, kufunga milango, AC, taa ya kurudi nyuma. Vitu vitatu vidogo visivyofanya kazi kwa pamoja mimi sisomi kama ubovu mdogo mara tatu, nasoma kama waya zilizoharibiwa.

Hatua ya 5: barabarani, na lazima foleni iwepo

Usikubali kuzungushwa mtaani dakika tano. Unataka nusu saa. Anza na barabara ya wazi, ipeleke kila gia mpaka juu. Kwa manual sikiliza gia ya tatu ikiingia kwa kasi, ikikwaruza ina maana sinkronaiza zimeisha, boksi ile ya gia sita haipendi mtu wa kubamiza. Klachi: weka gia ya nne ukiwa mwendo mdogo kisha kanyaga mafuta yote, mzunguko ukiruka juu na gari haiongezi mwendo, klachi imekwisha. Kwa otomatiki sikiliza inavyobadilisha, ikishtua au ikichelewa nusa oili ya gia boksi, harufu ya kuungua na rangi nyeusi ina maana boksi inakufa.

Achia usukani sekunde moja barabara ikiwa tupu na imenyooka. Funga breki kwa nguvu mara moja, uone inavuta upande gani.

Halafu, na hapa ndo wauzaji hawapendi, ingia kwenye foleni. Washa AC mwisho, saa nane mchana, Ubungo au Mwenge pale, kaa dakika ishirini. Gari ya Japani yenye rejeta iliyoziba itaenda vizuri sana Bagamoyo Road asubuhi, foleni ya mchana ndo inasema kweli. Ukitoka simama, zima, subiri dakika tano, washa tena. Ikikataa kuwaka ikiwa ya moto umeipata habari ambayo ungeijua baada ya kulipa.

Hatua ya 6: pima mgandamizo, usiambiwe

Sasa stori yangu. RS200 yangu ilikuwa ya kijivu, jamaa aliyeniuzia akasema "inamisi kidogo, ni koili tu, koili moja unabadilisha imeisha." Na kweli ilikuwa inamisi, inatetemeka kidogo ikiwa imesimama, ukikanyaga inatulia. Koili ni kitu kinachoingia akilini. Nikalipa. Nikanunua koili moja, bado. Nikanunua zote nne, bado. Plagi nne, bado. Nozo zikasafishwa, bado. Mwezi umeisha ndo mzee mmoja fundi, hana hata kibao cha gereji yuko chini ya mwarobaini tu, akaniuliza umepima mgandamizo, yani nguvu ya hewa inayominywa ndani ya kila silinda? Akatoa plagi zote, akachomoa fyuzi ya petroli isipulize, akaniambia kaa ndani ukanyage mafuta mpaka mwisho na upige stata mpaka nikwambie. Silinda ya kwanza 185, ya pili 180, ya tatu 95, ya nne 180. Akamimina kijiko cha oili kwenye ile ya tatu akapima tena, ikatoka 100. Akasema pistoni na ringi ni nzima, kama zingekuwa zimekufa oili ingeziba na namba ingepanda, hii ni valvu. Kufungua kichwa, valvu mbili zimepinda. Belti ya taimingi iliwahi kukatika huko nyuma, na kwenye injini hii belti ikikatika pistoni inagonga valvu, mtu akabadilisha zile zilizopinda sana akaziacha zilizopinda kidogo, akafunga, akauza.

Kipimo kilichukua dakika arobaini. Ndo maana sasa sinunui gari ya namna hii bila kipimo hicho, namlipa fundi wangu mwenyewe, sio wa muuzaji, sio aliyeletwa na dalali. Namba yenyewe juu au chini sio shida sana, cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda, zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 mpaka 15 kuna kitu. Muuzaji akikataa kupima, hajakujibu kwa maneno ila amekujibu.

Lakini sikia mwisho wake. Nilitafuta injini ya mtumba iliyotoka Japani, ikafungwa, nikaandikisha namba, na tangu siku hiyo injini haikunisumbua tena hata siku moja. Iliniuma hela, ikaisha. Kilichonitesa miaka yote miwili ni waya. Leo dirisha la nyuma, kesho taa za breki zinawaka zenyewe usiku betri inakufa, keshokutwa gari inazima Tazara katikati ya barabara kwa sababu ya kiungo kimoja cha selotepu nyuma ya dashibodi. Mafundi umeme watano, kila mmoja anakata anaunga anaongeza. Ndo nilipojifunza ile tofauti ya kununulika na kutokununulika.

Hatua ya 7: hesabu, halafu ongea bei

Chukua orodha yako uende dukani uulize bei za wiki hiyo hiyo, usitumie za kuambiwa. Mfano tu, namba weka zako: anataka milioni 7. Umekuta belti na pampu ya maji (kwenye 3S pampu inazungushwa na belti hiyo hiyo kwa hiyo zinabadilishwa pamoja) laki 4 na nusu, boljointi na bushi laki 4, shokapu nne milioni 1, klachi laki 6 na nusu, tairi nne za 215/45 inchi 17 laki 9. Jumla milioni 3 na laki 4. Ongeza theluthi kwa yale usiyoyaona, maana hujayaona yote, unafika milioni 4 na nusu hivi. Gari inakuwa imekugharimu 11 na nusu.

Sasa uliza, Altezza kama hiyo iliyosimama vizuri inauzwa ngapi? Kama ni milioni 10, basi hii inayouzwa 7 ni ghali kuliko ile ya 10. Bei yake halali ni 10 kutoa 4 na nusu, yani 5 na nusu, na bado utoe kitu cha usumbufu wako, 5. Ofa yako ni hiyo. Onyesha orodha kwa heshima, mstari kwa mstari, sio kuiponda gari ya mtu, mtu anaipenda gari yake. Akisema hapana mpe namba yako uondoke, wengine wanapiga baada ya wiki mbili.

Kuna ambayo siyajadili bei kabisa hata ikishuka hadi milioni 2: chesisi iliyochomelewa, namba isiyolingana na kadi, mwenye kadi hapatikani, gari iliyozama mafuriko (nusa mazulia, angalia matope ndani ya mikanda ukiivuta mpaka mwisho), na waya zilizoharibiwa kila mahali. Na injini iliyokufa? Hiyo naijadili vizuri tu, tena naifurahia kidogo, maana muuzaji ameshakata tamaa na hapo unapewa bei ya kweli.

Siku ya kulipa na wiki ya kwanza

Lipa kwa benki au mtandao ibaki kumbukumbu, mkataba kwa wakili, kila mmoja na kitambulisho chake, na uhamisho TRA uanze siku hiyo hiyo sio "wiki ijayo nikirudi safari". Chukua funguo zote. Bima uliza kabla hujanunua, bima ndogo utapata, kubwa kwa gari ya umri huu sio kila kampuni itakubali.

Wiki ya kwanza usiibebe kwenda Bagamoyo kuonyesha watu. Mwaga oili ya injini, ya gia boksi na ya difu, weka mpya. Rudisha thamostati, safisha rejeta, weka kulanti. Belti ya taimingi badilisha hata kama muuzaji anaapa aliibadilisha mwaka jana, kwenye injini hii kiapo hakishiki valvu. Halafu chukua maka peni uandike kwenye kava la belti tarehe na kilomita.

Mi yangu niliuza na maandishi yake vile vile. Mnunuzi alipofungua boneti akayasoma kabla sijasema neno, akatikisa kichwa akaridhika, kwenye injini hakuomba punguzo hata la mia. Kisha akaingiza kichwa chini ya usukani na tochi ya simu, akakaa huko muda mrefu sana.